Ndege ya kuelea bila uzito: aliyepaswa kutuonya alikuwa anapiga picha

Kwenye ndege ya kuelea kuna onyo moja ambalo mhudumu hana ruhusa ya kulichelewesha: "Miguu chini!" Kwetu lilichelewa. Mhudumu wa kundi letu alikuwa ameshika kamera, anamhimiza abiria mmoja ajikunje vizuri apate picha ya kupinduka hewani. Alipokumbuka kupaza sauti, watu walikuwa wameshaanza kuporomoka. Mtu mzima alinishukia begani kwa kiwiko.

Kwa ambaye hajawahi kupanda, aelewe hasira hii inatoka wapi. Ndege haifiki anga za juu. Inapanda pua ikiwa imeinuka karibu nyuzi 45, na wakati huo mwili unalemewa na uzito wa takriban mara 1.8. Kisha rubani anapunguza nguvu ya injini, ndege inafuata njia ambayo jiwe lililorushwa lingeifuata, iitwayo parabola, nanyi mnaanguka pamoja nayo. Ndiyo maana mnaelea. Uvutano wa dunia haujaenda popote; hata kwenye kituo cha anga cha kimataifa, kilomita 400 hivi juu, bado upo kwa karibu asilimia 90. Mnaelea sekunde 20 na kitu, halafu ndege inainuliwa kutoka kwenye mteremko na uzito unarudi upesi. Mwenye kilo 70 anakandamiza sakafu kama mwenye kilo 126. Akikutwa karibu na dari, kichwa chini, shingo ndiyo itakayopokea mzigo huo. Na hakuna cha kumtahadharisha: kuta zimefunikwa sponji, madirisha ni machache, mwili wenyewe hauhisi lolote mpaka umechelewa. Kinachobaki ni sauti ya mhudumu.

Ndege ilipotulia kidogo kati ya parabola nikamwambia kwa heshima, "Tafadhali, onyo litoke mapema." Akajibu bila hata kunitazama: "Ukiogopa, kaa kwenye kiti ufunge mkanda." Mbele ya watu wote! Neno samahani halikumtoka, si kwangu wala kwa yule aliyeangukia wenzake.

Mwanafizikia Stephen Hawking, aliyekuwa amepooza, alielea kwenye ndege ya namna hii mwaka 2007, mtu asiyeweza kujishika popote, na akafanya parabola nane salama kwa kuwa madaktari na wauguzi waliomzunguka walikuwa na kazi moja tu: yeye. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba haiwezekani.

Tena hiyo kamera ilileta balaa la pili. Uzito ukiwa mara 1.8 unatakiwa ulale chali, ukazie macho sehemu moja ya dari, na kichwa usikisogeze hata kidogo. Ndani ya sikio kuna mifereji ya majimaji inayopima mzunguko wa kichwa, na vijiwe vidogo vinavyopima uzito na mwelekeo wa chini. Ukigeuza kichwa wakati huo, taarifa hazipatani na macho, na tumbo ndilo linalolipa. Waliotapika mapema katika kundi letu ni walewale aliowaita wageuke watazame kamera. Na mtu akianza kutapika hamalizi raha yake. Anarudishwa kitini na mfuko wake.

Dawa ya skopolamini inasaidia kweli, lakini imezwe kabla ya kuruka, si baada ya kichefuchefu kuanza. Inakausha kinywa, inaleta usingizi, na mwenye presha ya macho asiiguse bila kumwona daktari. Kula chakula kikavu kisicho na mafuta saa chache kabla. Tumbo tupu nalo ni adui. Mifuko ya nguo iwe mitupu, miwani ifungwe kamba. Ukielea usipige miguu kama unayeogelea, hewa haikusukumi, utampiga mwenzako usoni. Jisukume kwa ncha ya kidole, inatosha kabisa.

Nilikusudia kuandika kwamba msiende. Siwezi. Parabola za kwanza zilipangwa vizuri sana: uzito wa Mirihi, kama theluthi moja na ushei, kisha wa Mwezi, sehemu moja ya sita, ambapo unapiga pushapu kwa mkono mmoja bila jasho. Halafu uzito ukaisha, na maji yaliyomwagwa yakakusanyika kuwa tufe linalotetemeka mbele ya uso wangu. Rubani yule ni fundi, namsifu bila kusita. Si sote tutakuwa Dennis Tito, tajiri aliyejilipia kwenda kituo cha anga mwaka 2001. Kwa sisi wengine, sekunde hizi ndizo zenyewe, na nazitaka tena.

Ila si kwa kampuni ile. Au labda hata wao, wakimwondoa mhudumu yule, maana ndege haina kosa. Kabla hujalipa, uliza swali moja: anayepiga picha ndiye anayetoa onyo? Wakisema ni mtu mmoja, tafuta wengine. Ukikosa wengine, anza kuhesabu polepole pale tu unapoinuka sakafuni, na ukifika 15 shusha miguu, ushike kamba ya ukutani, usimsubiri mtu akuambie.