Huduma ya eCitizen ya kuhamisha umiliki wa gari: ni nzuri, ila jina la muuzaji haliondoki kwa hiari yake peke yake

Kwa anayeuza gari nchini Kenya, huduma ya kuhamisha umiliki inayotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ndiyo njia rasmi ya kuliondoa jina lake kwenye rejista ya magari. Ninaitathmini hapa kwa kipimo kimoja tu, nacho ni kiasi ambacho inamkinga mtu ambaye gari limeandikwa kwa jina lake ilhali usukani umeshikwa na mwingine. Kwa kipimo hicho, ni huduma nzuri iliyo na pengo moja, na pengo lenyewe liko mahali pabaya.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili ni zito, yafaa kuanza na kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Kifungu hicho kinasema kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake atahesabiwa kuwa ndiye mwenye gari, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Ni dhana ya kisheria inayoweza kupinduliwa kwa ushahidi, na mahakama za Kenya zimekubali mara nyingi kwamba mwenye gari wa kweli anaweza kuwa mtu asiyetajwa kabisa kwenye rejista, mradi uwepo mkataba wa mauziano, stakabadhi za malipo au ushahidi mwingine wa kuaminika. Hata hivyo, mzigo wa kuipindua dhana hiyo humwangukia yule aliyetajwa. Mtu aliyegongwa barabarani hana wajibu wa kuchunguza gari liliuzwa lini na kwa nani. Wakili wake huchukua nambari ya gari, hulipia utafutaji wa rekodi, na jina linalotokea ndilo linaloandikwa kwenye hati ya madai.

Juu ya dhana hiyo kuna nyingine. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki wa mwaka 1969, ambao mahakama zetu bado zinaufuata, gari likithibitishwa kuwa limesababisha madhara kwa uzembe, huchukuliwa kwamba lilikuwa likiendeshwa na mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa makosa yake, mpaka uletwe ushahidi wa kuonyesha sivyo. Kwa hiyo aliyeuza gari bila kuhamisha umiliki anajikuta na kuta mbili za kubomoa: kwanza athibitishe kwamba gari si lake tena, na pili, akishindwa katika hilo, aonyeshe kwamba dereva hakuwa mtumishi wala wakala wake. Madai ya uzembe yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali, muda unaotosha kabisa kwa muuzaji kusahau hata rangi ya gari lenyewe. Akipuuza samansi kwa kudhani kwamba wamekosea mtu, hukumu inaweza kutolewa bila yeye kusikilizwa, na wanaofuata baada ya hapo ni madalali wa mahakama.

Wanaokumbuka mfumo wa zamani watakubali kwamba huduma ya sasa imepiga hatua kubwa. Siku zile muuzaji alitia saini fomu ya kuhamisha umiliki, maarufu kama Fomu C, akaacha nafasi ya mnunuzi wazi, kisha akaikabidhi pamoja na logibuku, nakala ya kitambulisho na nakala ya PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipakodi. Bahasha hiyo ilisafiri na gari kutoka kwa dalali hadi kwenye yadi, na kutoka yadi hadi kwa mnunuzi wa pili na wa tatu, kila mmoja akikwepa ada ya kuhamisha kwa sababu alikuwa na nia ya kuliuza tena. Jina la mwenye gari wa kwanza lilibaki palepale huku gari likibadilisha mikono, na baadhi ya wauzaji walijua wako kwenye rejista siku polisi walipowapigia simu. Sina hamu hata kidogo na mfumo huo.

Sasa shughuli huanzishwa na muuzaji mwenyewe ndani ya akaunti yake, akaweka taarifa za mnunuzi, na mnunuzi naye akaingia katika akaunti yake ili kuikubali. Hakuna tena fomu iliyo wazi inayozunguka mjini, na hakuna dalali anayeweza kujaza jina lolote alitakalo. Malipo hupitia nambari moja ya serikali, 222222, na ada hutegemea ukubwa wa injini. Utafutaji wa rekodi, ambao hugharimu shilingi 550, huonyesha jina la mwenye gari pamoja na nambari za fremu na injini. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu bora ya huduma nzima, na ni ajabu kwamba hutumiwa zaidi na wanunuzi kuliko wauzaji. Anayeuza ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuilipia, baada ya makabidhiano, ili ajionee kwa macho yake kama jina limebadilika.

Pengo nililolitaja linatokana na kwamba kuanzisha si kuhamisha. Rejista huendelea kumtaja muuzaji mpaka mnunuzi atimize sehemu yake, na mnunuzi anayelitaka gari kwa biashara, au ambaye hajakamilisha malipo, hana haraka yoyote. Sheria ya Trafiki yenyewe iliona mbali kidogo, kwani kifungu chake cha 9 kinamtaka mwenye gari aliyesajiliwa amjulishe msajili jina na anwani ya mwenye gari mpya ndani ya siku 7 tangu kuliuza, na kinakataza gari hilo kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mnunuzi kusajiliwa. Yaani wajibu wa kutoa taarifa ni wa muuzaji peke yake, na hauhitaji ridhaa ya mtu mwingine. Ningependa kuona taarifa hiyo ikipewa mlango wake ndani ya huduma, tofauti na uhamisho wenyewe, ikiwa na tarehe na saa yake, na ikionekana kwa kila anayefanya utafutaji. Mwathiriwa wa ajali angefaidika pia, kwa kuwa wakili wake angewashtaki watu sahihi tangu mwanzo.

Mpaka hilo liwepo, kinga ya kweli iko nje ya tovuti, katika mkataba wa mauziano. Mkataba unaofaa hutaja saa ya makabidhiano pamoja na tarehe, na hueleza kwamba tangu saa hiyo mnunuzi atabeba ajali, faini na jinai zote zinazohusu gari. Wapo wanaoona kuandika saa ni ushamba. Gari lililokabidhiwa saa nne asubuhi na kugonga mtu saa tisa alasiri ya siku hiyohiyo litawaonyesha thamani ya mstari huo. Mkataba hautamzuia mdai kumshtaki aliyetajwa kwenye rejista, lakini utampa muuzaji cha kuweka mbele ya hakimu, na pia msingi wa kumwingiza mnunuzi kwenye kesi kama mhusika wa tatu chini ya Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za mwaka 2010.

Si kila anayeendeshewa gari lake ameliuza, na hapa huduma hii haina msaada wala haikukusudiwa kuwa nao. Aliyemwazima ndugu yake gari aende harusini Kilifi kwa shughuli zake mwenyewe yuko katika hali tofauti na aliyemtuma ndugu huyohuyo ampelekee mzigo. Mwenye gari huwajibika pale dereva alipokuwa akiendesha kwa ombi lake au kwa kazi yake, hata kama ni kwa sehemu tu. Ruhusa peke yake haitoshi. Kesi inayotajwa sana ni ile ya Uingereza iliyoamuliwa na House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa nchini humo, mwaka 1972: gari lilikuwa la mke, mume akalitumia kwenda kunywa na rafiki zake, na alipolewa akamwachia rafiki mmoja usukani, ikatokea ajali. Mke hakuwajibishwa, kwa kuwa safari ile haikuwa yake. Mwenye matatu anayengojea hesabu ya jioni asijifariji na kesi hiyo, maana dereva wake yuko kazini kwake.

Benki iliyosajiliwa pamoja na mkopaji kwa ajili ya dhamana nayo huwa na utetezi mzuri, kwa sababu haimwelekezi dereva wala hainufaiki na safari. Mkopeshaji binafsi anayebakisha gari kwa jina lake peke yake mpaka deni liishe, kama ilivyo kwa bodaboda nyingi za mkataba, hujiweka pabaya zaidi, hasa kama anapokea pesa za kila siku zitokanazo na safari zilezile.

Kuhusu bima, nitasema machache. Sura ya 405, yaani sheria ya bima ya magari, inafanya kuwa kosa kutumia gari lisilo na bima ya mtu wa tatu, ile inayowalipa wengine wanaoumizwa na gari, na vilevile kumruhusu mwingine alitumie, kwa hiyo mwenye gari hawezi kujitetea kwa kusema hakuwa yeye aliyeshika usukani. Bima hiyo ya lazima pia ina ukomo wa shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja, na kinachozidi hapo hutafutwa kwa aliyehukumiwa. Muuzaji anayeacha bima yake iendelee kwa kumhurumia mnunuzi kwa wiki chache anapaswa kujua kwamba bima iliyo kwa jina lake inaweza kusomwa mahakamani kama dalili kwamba gari bado ni lake.

Kwa jumla naipa huduma hii nyota tatu na nusu kati ya tano. Inastahili ada yake, na mnunuzi mwaminifu akiwa ameketi karibu nawe, wote wawili mkiwa na simu mkononi, ni vigumu kupata njia bora zaidi. Kwa hiyo wauzaji nawashauri wasikabidhi funguo kabla mnunuzi hajabonyeza kukubali, hata kama pesa zote zimeshaingia, na akisema ataikubali akifika nyumbani, gari nalo lisubiri.