Kitabu cha Lucille Ball nilichookota Memorial kwa elfu sita

Jumamosi nlienda zangu Memorial, soko la mitumba hapa Moshi, kutafuta mapazia nikarudi na kitabu. Kuna jamaa anauza viatu halafu pembeni kavipanga vitabu juu ya turubai, vingi vya hesabu na vya kanisa, katikati yake nikaona mdada wa kizungu ana nywele nyekundu kama katia hina, Love, Lucy, kaandika Lucille Ball mwenyewe. Bei elfu kumi. Nikamwambia mangi hiki kimepigwa jua mpaka kimepauka, akasema haya dada angu lete sita tusigombane.

Malalamiko niyamalize kwanza: kurasa za picha zimenyofolewa zote, nimegundua nimeshafika nyumbani, na jamaa aliniapia kipo kamili. Kitabu cha mtumba kifungueni katikati jamani, msiangalie gamba tu.

Kwa wasiomjua, huyu ndo mama wa komedi ya TV Marekani. I Love Lucy ilianza 1951 ikaenda hadi 1957, zile stori za mke anapanga ujanja wake mume anakuja kugundua kila kitu kimeshaharibika, yeye alikuwa fundi wake. Kafariki 1989 ila kitabu kimetoka 1996, kwa sababu alikiandika miaka ya 60 mwanzoni akakiacha, makaratasi yakaja kukutwa yeye hayupo. Mi naona ndo uzuri wake, maana sio bibi anayeaga na kusamehe watu, ni mwanamke wa hamsini na kidogo, kaachana na mume juzijuzi tu na kazini bado anaenda.

Nlitegemea ustaa, magauni, magari. Yamo kidogo. Kilichonikamata ni alivyochelewa. Alienda shule ya maigizo New York akiwa binti mdogo, shule ikamwandikia mama yake kwamba anapoteza hela bure, mtoto ana aibu sana (aliyekuwa anang'aa hapo shuleni ni Bette Davis, yule aliyekuja kuwa staa mkubwa wa filamu, fikiria mwenyewe). Akawa modo wa nguo, 1933 akaenda Hollywood kuwa mmoja wa wale warembo wa kusimama nyuma ya staa, akazunguka huko kwenye filamu ndogondogo na kwenye redio mpaka TV inamtoa ana miaka 40. Arobaini! Huku kwetu ukifika thelathini hujatoka unaambiwa ukafungue genge.

Sasa mimi nina mdogo wangu anarekodi vichekesho kwa simu kule Pasua, ana 24, wiki nzima analia kasahaulika kisa video mbili hazijaenda. Nikamsomea hicho kipande huku nageuza vitumbua, akanijibu "dada, huyo si alikuwa na mume mwenye bendi." Kweli alikuwa naye, Desi Arnaz, Mcuba, ila wenye TV hawakumtaka acheze mume wake kwenye kipindi, wakasema watu hawataamini mwanamke kama yule kaolewa na yule, wakati ndo mumewe wa ndoa! Ikabidi 1950 wazunguke majukwaani wawili wao kuonyesha kwamba watu wanacheka.

Ila ukinunua hiki kitabu nunua kwa ajili ya stori ya hela. Wenye TV walitaka kipindi kirushwe mubashara kutoka New York, wao wakagoma kuhama Los Angeles, wakataka kurekodi kwenye filamu, kamera tatu kwa mpigo, mbele ya watu waliokaa wanacheka kweli. Gharama ikapanda. Wakakubali kukatwa malipo, sharti moja tu, zile filamu ziwe zao, na kipindi hicho marudio hayakuwa kitu cha kumsumbua mtu akili. Hayohayo marudio ndo yakawatajirisha, 1957 kampuni yao ikanunua RKO, studio ya filamu ileile aliyowahi kuwa mwajiriwa wa mkataba, nikaweka kitabu chini nikacheka peke yangu. 1962 akanunua na hisa za Desi, akawa bosi mwenyewe.

Kipande cha mimba nacho kitamu. Alipata mimba kipindi kikiendelea, na neno mimba halikuruhusiwa kutamkwa kwenye TV, wakawa wanasema tu anatarajia, na kwa hilo siwashangai, kwetu Kibosho nani anasema mimba mbele ya mkwe, si unasema fulani ni mzito? Kipindi cha kujifungua kikarushwa 19 Januari 1953, siku hiyohiyo na yeye akajifungua kweli, watu kama milioni 44 wanaangalia.

Kinapopwaya ni kwenye ndoa. Anakuambia alifungua kesi ya talaka siku moja baada ya kurekodi kipindi cha mwisho pamoja, 1960, halafu anapita haraka, ulevi na wanawake wa mume anavigusa kwa mbali, na majina ya waigizaji wa zamani ni mengi hadi nikaruka kurasa. Kizungu chake chepesi lakini, mi wa form foo nimekimaliza kwa siku nne.

Nampa nyota nne, picha si kosa lake. Mdogo wangu kashakichukua, kakikuta kwenye kochi. Jana nikamuuliza hivi chaneli inayorusha video zako imesajiliwa kwa jina la nani, akasema ya kaka mwenye kamera. Na mmeandikishana? Akaniambia vitumbua vinaungua.