Ngano ya bokoboko ya Darajani: yafaa kwa harisa ya Waarmenia?

Yafaa, tena kuliko ya pakiti. Ngano inayopimwa kwa kilo sokoni Darajani, Unguja, kwa ajili ya bokoboko (uji mzito wa ngano na nyama) imekobolewa, na harisa, ambayo ni uji wa aina hiyohiyo wa Waarmenia, haitaki zaidi ya hapo: ngano, nyama, maji, chumvi. Hakuna nazi wala viungo vya kuficha ubovu wa ngano.

Iangalie kabla hujalipa. Punje iwe nyeupe, mfuo wa katikati uonekane. Ikiwa ya kahawia na inang'aa, ganda lingalipo. Utapika kutwa isitoe ute. Ile iliyovunjwa ya tabule (saladi ya Kiarabu) iache pia, imeshachemshwa kiwandani, haishikani. Mwambie muuzaji achote katikati ya gunia. Ukiona unga unga, wadudu wameshaingia, na unyevu wa masika huwazidisha.

Kilo 1 ya ngano, kuku wa kienyeji wa kilo moja na nusu, maji lita 5. Roweka ngano usiku kucha. Chemsha kuku, utoe mifupa yote, maana kimfupa kikishavunjikia ndani ya uji mzito hukipati tena. Nyama na supu virudi sufuriani pamoja na ngano, moto mdogo, saa 4 hadi 5. Kuku wa kisasa hapa hana kazi, huyeyuka ngano ikiwa bado ngumu. Maji ya kuongeza yawe ya moto. Chini kukishika, usikwangue: mimina sufuria nyingine, la sivyo chote kitanuka moshi. Kisha piga kwa mwiko mpaka nyama iwe nyuzi na uji uvutike. Chumvi mwisho, kwani supu hupungua.

Aliyezoea mdalasini na iliki ataiona imepooza. Juu ni siagi tu. Lakini hiki asili yake ni chakula cha kulisha umati, si cha mezani. Waarmenia, ambao kwa hesabu ya kanisa lao waliupokea Ukristo mwaka 301, wana sadaka iitwayo madagh: padri huibariki chumvi, nyama hupikwa, watu hugawiwa bure. Mla akika ataielewa mara moja.

Harisa yenyewe imefungamana na Musa Dagh, mlima wa pwani ya Mediterania ulio Uturuki ya leo. Mwaka 1915 Waarmenia wa vijiji 6 walipanda mlima huo wakapigana, wakikataa kuhamishwa na serikali ya Kiosmani. Septemba manowari za Ufaransa ziliwaokoa zaidi ya 4,000, zikawapeleka Port Said. Mwaka 1939 wengi wao walihamia Anjar, Lebanon. Kila Septemba, kwenye sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, masufuria hukesha motoni kwa ngoma na zumari, na asubuhi padri huyabariki. Hata aliyezaliwa ughaibuni asiyejua kusoma herufi za Mesrop Mashtots, aliyebuni alfabeti ya Kiarmenia, huijua sahani hiyo ya kanisani.

Katika orodha yake ya urithi wa utamaduni, UNESCO iliingiza keşkek ya Uturuki, chakula cha aina hiyohiyo, mwaka 2011, jambo lililowaudhi Waarmenia wengi, na harisi ya Oman, Saudia na Falme za Kiarabu mwaka 2023. Bokoboko la Unguja na Pemba halimo.

Kasoro ya ngano ya Darajani ni vijiwe. Ipepete, kisha uichague kwenye sinia kabla ya kuroweka. Ikishavimba, kijiwe hukioni.