Gemu za kujenga himaya kwa zamu: ipi ununue ukiwa Dodoma na laptop ya kawaida

Naanza na jibu, maana wengi wanaouliza wana haraka. Ukiwa na laptop iliyotumika, zile zinazouzwa kwa wingi mjini, nunua Civilization V pamoja na nyongeza zake mbili. Mashine yako ikiwa na nguvu zaidi kidogo, subiri Civilization VI ishuke bei uichukue. Nyingine zinafuata nyuma ya hizo mbili. Civilization VII ndiyo mpya kuliko zote hapa, lakini kwa sasa naiweka mkiani, na sababu nitazieleza.

Kwa asiyezijua: unaanza na mji mmoja na ramani iliyofunikwa giza, halafu zamu baada ya zamu unajenga, unagundua maandishi na magurudumu, unafanya biashara, unapigana au unapatana na majirani, hadi enzi za roketi. Hakuna anayekukimbiza. Ukiinuka kwenda kugeuza ugali, himaya yako inakusubiri palepale. Ndiyo maana naamini hakuna gemu zinazotufaa zaidi ya hizi. Hazidai bando kila dakika, hazidai vidole vyepesi, na mtumishi anayerudi kutoka ofisi za serikali za Mtumba amechoka anaweza kucheza zamu kumi akalala. Ingawa kwa kweli ni wachache wanaoishia kumi. Wachezaji wa dunia nzima wana ugonjwa mmoja, ule wa "zamu moja tu kisha nalala", na unashtuka adhana ya alfajiri inasikika.

Kabla ya pesa, simu

Usilipe chochote kabla hujajua kama aina hii inakuingia. Pakua Unciv kwenye simu ya Android. Ni ya bure kabisa, haina matangazo, programu yake iko wazi kwa yeyote kuichungulia, na imejengwa kwa kufuata kanuni za Civilization V. Picha zake ni za kawaida sana, vigae (vipande vya ramani) na alama tu, lakini akili ya mchezo imo yote: chakula, uzalishaji, furaha ya watu, mti wa teknolojia. Inakwenda hata kwenye simu ya bei ndogo, bila intaneti. Aliyeimaliza Unciv mara mbili tatu akiingia Civilization V hahitaji kufundishwa.

Kama unataka kitu cha kumaliza ndani ya safari ya treni ya SGR kwenda Dar, chukua The Battle of Polytopia ya Wasweden wa kampuni ya Midjiwan. Ilitoka 2016, makabila ya mwanzo ni bure na mengine unalipia kidogo kidogo. Aina yake moja ya mchezo hukoma baada ya zamu 30, kwa hiyo haikuli usiku. Wachezaji wanaisifu kwa kuwa imeondoa mafuta yote na kuacha nyama. Wanaolalamika wanasema baada ya miezi utakuwa umeona kila kitu, na ni kweli.

1. Civilization V (2010)

Firaxis, watengenezaji wa Civilization, waliitoa Septemba 2010, na hadi leo bado ina watu wengi wanaoicheza kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni. Mahitaji yake ya chini ni RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 8 hivi, kwa hiyo laptop yenye prosesa ya i5 ya miaka kumi iliyopita inaibeba bila kutoa jasho. Ikianza kuwa nzito, bonyeza F10: ramani inageuka kuwa ya alama bapa kama karatasi, na mashine inapumua.

Muhimu: usinunue ile tupu. Toleo la mwanzo halina dini. Hiyo ilikuja na Gods & Kings ya 2012. Njia za biashara na baraza la dunia vikaja na Brave New World ya 2013. Bila nyongeza hizo unanunua nyumba isiyo na paa. Steam huuza vifurushi vyenye vyote, na wakati wa punguzo vinashuka sana.

Utamu wake uko vitani. Ramani imegawanywa kwa pembe sita na kila kigae kinabeba kikosi kimoja tu cha vita. Hebu fikiria una wapiga mishale wawili na mkuki mmoja, adui anakuja na wapanda farasi watano. Mkuki unaupandisha kilimani, mishale unaiweka nyuma ya mto, na unamwacha avuke mwenyewe, kwa sababu anayeshambulia kuvuka mto hupungukiwa nguvu. Ukipanga vizuri unashinda jeshi karibu mara mbili ya lako. Wazee wa toleo la nne hawakuupenda mpangilio huu, wanasema majeshi yanakwamana njiani kama daladala za Sabasaba. Wana hoja, hasa ukiwa na vikosi vingi kwenye njia nyembamba ya mlimani.

Lawama nyingine ina uzito zaidi: gemu hii inaadhibu upanuzi. Kila mji mpya unapunguza furaha ya himaya nzima na kuongeza gharama ya utafiti, hivyo wengi huishia na miji minne mikubwa kila mara. Kama ndoto yako ni kuifunika ramani nzima kwa rangi yako, utasikia kubanwa.

Afrika imo: Songhai ya Askia, Ethiopia ya Haile Selassie, Wazulu wa Shaka. Na watu wa bwenini Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wajue kwamba ina hali ya kupokezana laptop moja: mmoja anamaliza zamu yake, anampa mwenzake kiti. Laptop moja inachezesha chumba kizima.

2. Civilization VI (2016)

Hii ndiyo ninayoipenda zaidi kwa moyo, na ningeiweka ya kwanza kama kila msomaji angekuwa na RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Kwenye karatasi inataka GB 4 tu. Kwenye maisha, ukifika enzi za viwanda na himaya nane ramanini, GB 4 zinakufanya usubiri zamu hadi chai inapoa.

Ubora wake ni miji. Badala ya kulundika majengo yote katikati, unatawanya mitaa ya kazi kwenye ardhi: elimu huku, biashara kule, ibada pale, na mahali unapouweka mtaa ndipo panapoamua utaleta nini. Mtaa wa elimu ukikumbatiwa na milima unapata sayansi zaidi, mtaa wa biashara ukiwa kando ya mto unapata dhahabu zaidi. Mtu aliyeona Dodoma ikipimwa viwanja mtaa kwa mtaa, na anayejua tunavyotegemea visima vya Mzakwe, ataielewa gemu hii upesi. Hata maji wameyahesabu: mji ulioanzishwa penye maji baridi unaanza na makazi 5, wa pwani 3, wa pakavu 2. Ukijenga pakavu inabidi upange mfereji wa kuleta maji mapema, la sivyo watu hawaongezeki.

Mimi huwashauri wageni wachague Mali ya Mansa Musa, inayokuja na nyongeza ya Gathering Storm ya 2019. Wengine wote wanaikimbia jangwa, Mali inaifuata: katikati ya miji yake hupata chakula na imani (pointi za dini) kutoka kwenye vigae vya jangwa vya jirani, na migodi yake inapoteza uzalishaji kidogo lakini inamwaga dhahabu. Unajifunza kununua unachokihitaji badala ya kukijenga, na unaona jinsi udhaifu wa ardhi unavyoweza kugeuzwa kuwa mpango. Ukimkuta Zanzibar ramanini kama mji unaojitawala, pigania urafiki wake. Anayekuwa msimamizi wake hupewa mdalasini na karafuu, bidhaa zisizopatikana kwingine ramanini, na watu wa miji yako wanaridhika.

Wachezaji wanailaumu kwa mambo matatu: sura za viongozi zimechorwa kama katuni, wapinzani wa kompyuta ni dhaifu vitani, na robo ya mwisho inachosha kwa kuwa mshindi ameshajulikana huku kazi ndogondogo zikiongezeka. La kwanza utalizoea. La pili na la tatu ni kweli tupu. Dawa ni kucheza ramani ndogo, himaya sita hivi, kwa mwendo wa haraka.

Bei yake ya kawaida ni dola 60, na hakuna sababu ya kuitoa. Kwenye punguzo za Juni hadi Julai na mwisho wa mwaka imekuwa ikiporomoka hadi chini ya dola 10.

3. Old World (2021)

Huyu ni mdogo wao mwenye akili. Mbunifu wake, Soren Johnson, ndiye aliyeongoza ubunifu wa Civilization IV. Hapa zamu ni mwaka mmoja, mtawala wako anazeeka na kufa, na mrithi anaweza kuwa mtoto mvivu uliyemlea vibaya. Unapewa idadi ya amri kila zamu, na kila kikosi kinachosogea kinazila, kwa hiyo huwezi kufanya yote. Unaweza pia kurudisha hatua uliyokosea bila kupakia upya. Wanaoipenda wanaipenda kufa. Wanaoiacha wanasema ina maandishi mengi mno, na kama Kiingereza kinakuchosha jioni, hao watakuwa na haki.

4. Humankind (2021)

Ya Wafaransa wa kampuni ya Amplitude. Kila enzi unachagua utamaduni mpya juu ya ule wa zamani, na mwanzo wake, ukiwa kundi linalohamahama kuwinda kabla ya kujenga mji, unasifiwa na karibu kila mtu. Nyongeza ya tamaduni za Afrika ya 2022 imewaleta Waswahili na Wamasai, jambo ambalo himaya za Civilization bado hazijatufanyia. Tatizo ni kwamba ukibadilika enzi baada ya enzi, mpinzani wako hana sura unayoikumbuka, na vita hukatizwa kwa lazima pale ari ya upande mmoja inapoisha, hata kama ulikuwa mlangoni mwa mji wake mkuu. Nunua kwa punguzo tu, na uwe na mashine yenye kadi ya picha.

5. Civilization VII (2025)

Ilitoka Februari 2025 kwa dola 70. Ilipotoka iligawa historia katika enzi tatu, na enzi ikiisha ulibadili taifa huku kiongozi akibaki yuleyule, sehemu ya ulichojenga ikifutwa. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mashabiki wa zamani walitaka kuisimamisha Misri mwanzo hadi mwisho. Wengine wanasema mgawanyo huo umeponya ile robo ya mwisho inayochosha. Tathmini za Steam zilikuwa mchanganyiko, skrini zake zililalamikiwa kwa kuficha taarifa muhimu, na miezi kadhaa baadaye waliokuwa wakicheza ya sita Steam walikuwa bado wengi kuliko wa ya saba. Firaxis wanaendelea kuirekebisha. Malkia Amina wa Wahausa yumo, na picha zake ni nzuri kweli. Lakini dola 70 hizo ni afadhali uziweke kwenye RAM au SSD, ambavyo vitaboresha kila gemu uliyonayo.

Kwa mashine iliyochoka kabisa bado ipo Civilization IV ya 2005. Wimbo wake wa mwanzo ni Baba Yetu wa Christopher Tin, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, uliokuwa muziki wa kwanza wa gemu kushinda Grammy, mwaka 2011. Kiswahili hakimo kwenye menyu za gemu yoyote ya kulipia niliyoitaja, lakini mlango wa ile ulifunguliwa kwa lugha yetu, na inafaa kila mchezaji wa hapa ausikie kwenye spika, siyo kwenye simu.

Kulipa na kupakua

Steam bei zinaonekana kwa dola, na utahitaji kadi ya benki iliyoruhusiwa kulipa mtandaoni, au kadi ya mtandaoni inayotolewa na baadhi ya huduma za pesa za simu. Weka salio lililozidi kidogo kwa ajili ya makato na kubadilisha fedha. Nakala za wizi za kwenye flashi ziache: hazipati marekebisho, zinakuja na virusi, na mara nyingi hazina nyongeza zinazoifanya gemu iwe gemu.

Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Saa hizo usizitumie kuanza himaya yako taratibu, maana uzito hauonekani mwanzoni. Anzisha mchezo kwenye ramani kubwa, chagua kuanzia enzi ya viwanda, himaya nyingi, halafu bonyeza zamu mfululizo. Laptop ikihimili hapo, itahimili popote.

Kupakua GB 20 kwa bando la simu ni maumivu. Kama rafiki yako anayo gemu hiyohiyo, nakili folda yake kwa diski ya nje, iweke mahali pake kwenye laptop yako, kisha iambie Steam isakinishe kutoka kwenye akaunti yako uliyolipia. Itakagua mafaili na kushusha yaliyopungua tu. Upakuaji ukiisha, ifungue gemu mara moja ukiwa na intaneti, halafu weka Steam kwenye hali ya bila mtandao. Na kwenye mipangilio ya gemu, badilisha uhifadhi unaojiendesha wenyewe (autosave) uwe kila zamu moja, kwa sababu betri ya laptop iliyotumika haingoji umeme urudi.