Nilijipima sonona kwa simu, kisha kwa mshauri Dodoma: uzoefu wangu

Mwezi wa Agosti, katikati ya kuvuna zabibu Mpunguzi, nilipakua programu ya simu ya kujipima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Ndani yake kuna dodoso la PHQ-9, lililochapishwa Marekani mwaka 2001: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Nilipata 14. Baada ya siku mbili nikarudia, 14 tena. Nikaamini.

Lakini sisi wa zabibu tunaijua mizani. Ikianzia kilo 2 kabla hujaweka kreti, itarudia jibu lilelile asubuhi na jioni, na jibu si kweli.

Nilikwenda mjini kwa mshauri nasaha, nikalipa shilingi 10,000. Nilimwamkia, akanikalisha, akanisomea maswali yaleyale kwa sauti. Kwenye huzuni nikajibu kama nilivyobonyeza: "zaidi ya nusu ya siku." Akauliza, "Siku ngapi kati ya kumi na nne?" Nikahesabu kwa vidole: nne. Kumbe mimi nilielewa tangu asubuhi mpaka mchana upite, maana huzuni ikinishika hainiachi mapema. Dodoso lilimaanisha zaidi ya siku saba. Neno "siku" ni lilelile kwa umoja na wingi. Mtafsiri angeongeza "hizo" tu, ningeelewa. Majibu matatu niliyoyaelewa hivyo yakashuka kwa alama mojamoja, jumla ikawa 11.

Usingizi nao nilidhani utashuka, kwa kuwa msimu huu tunaamka saa kumi alfajiri kuwahi shamba. Akauliza, "Na kabla ya msimu, mwanangu, ulikuwa unalala?" Nikanyamaza. Tangu mama afariki mwezi wa Mei naamka saa nane usiku, sipati tena usingizi. Ile alama 3 niliyojipa kwenye usingizi ilikuwa ya kweli. Hakuna kitufe ambacho kingeniuliza vile.

Swali la tisa, la kuwaza kufa, alilisoma taratibu, kalamu ameiweka mezani. Kwangu ni 0. Akanieleza kwamba hapo hata alama 1 haisubiri jumla, mtu anaonana na mtaalamu mara moja. Kwenye programu swali hilo limekaa kama la kula tu, bila neno la kukuelekeza uende wapi.

Programu naipa nyota mbili, kwa kuwa ndiyo iliyonitoa nyumbani. Mshauri nampa tano. Alama 11 bado iko juu ya 10, pale wanapoanza kukufuatilia kwa karibu, kwa hiyo Alhamisi narudi. Tumeanza kuongea habari za mama.