Uzoefu wangu: kutengeneza albamu za picha za mtandaoni kwa digiKam

Kati ya programu zote za kupanga picha nilizowahi kutumia, digiKam ndiyo ninayoitegemea ninapotaka kuweka albamu mtandaoni. Ni ya bure, ya chanzo huria, na inafanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine: albamu inabaki mali yangu. Picasa, programu ya picha ya Google, ilipendwa na wengi, nami nilikuwa mmoja wao, ila walipoamua kuiacha mwaka 2016, albamu zake za mtandaoni nazo zilifungwa mwaka huohuo. Albamu inayotoka digiKam ni folda tu yenye kurasa za HTML (lugha ya kurasa za wavuti) na picha za JPEG. Unaipandisha kwenye seva yoyote, au unaitia kwenye flashi na kumpa mtu aifungue kwa kivinjari bila hata intaneti.

Kazi hasa iko kabla ya kubofya kitufe cha kutengeneza. Naanza kwa kuzipa picha nyota: nashika Ctrl na kubonyeza namba, kuanzia 1 hadi 5, huku nikisonga mbele. Halafu nachuja zibaki zenye nyota nne kwenda juu. Sherehe ya familia huzaa mamia ya picha, na mtazamaji akikutana na mfululizo wa picha zinazofanana za keki ileile, anafunga ukurasa.

Zikipigwa kwa simu na kamera kwa pamoja, mpangilio huvurugika. Saa ya kamera ikiwa nyuma kwa saa moja, maharusi wataonekana wanakula kabla hawajaingia ukumbini. digiKam ina zana ya kurekebisha muda: unachagua picha zote za kamera ile, unaongeza saa moja, na kila tukio linarudi mahali pake. Zana hii peke yake imeniokolea kazi kubwa mno.

Maelezo ya picha nayapa uzito kuliko kitu kingine chochote. Ukiwasha kwenye mipangilio chaguo la kuyaandika kwenye picha, unachoandika kinahifadhiwa ndani ya faili la picha lenyewe, si kwenye hifadhidata ya programu peke yake. Maana yake, nikiandika kwamba aliyesimama nyuma ya bibi ni mdogo wake wa mwisho, taarifa hiyo inasafiri na picha hata nikihamia programu nyingine. Wazee wanaowatambua watu katika picha za zamani hawatakuwepo siku zote, kwa hiyo hapa sifanyi haraka.

Kabla ya kupandisha chochote, hakikisha unaondoa taarifa za mahali. Simu nyingi huandika ndani ya picha pale ilipopigwa, na picha ya mtoto akicheza uani inaweza kumwonyesha mtu usiyemjua nyumba yenu ilipo. Mimi hupitisha nakala kwenye zana ya digiKam ya kufanyia picha nyingi kazi kwa mpigo (Batch Queue Manager), ambayo inafuta taarifa hizo, nazo picha halisi zinabaki kama zilivyo.

Baada ya hapo, zana ya albamu ya HTML iliyo kwenye menyu ya zana inakuongoza hatua kwa hatua: folda zipi, mwonekano upi, ukubwa gani. Picha ya megapikseli 24 ina upana wa pikseli kama 6000 na inaweza kufika megabaiti kadhaa. Naishusha hadi pikseli 1600 upande mrefu, ubora 85 kati ya 100, na kwenye skrini ya simu inabaki safi huku ikifunguka upesi kwa mwenye bando dogo.

Mionekano mingine iliyomo imepitwa na wakati. Chagua ule wa HTML5 unaojirekebisha kulingana na skrini, maana wengi watafungua kwa simu. Albamu haina sehemu ya maoni wala nywila, hivyo ukitaka kuifunga lazima ufanye hivyo kwenye seva. Na ukiongeza picha, unaitengeneza upya na kupandisha tena. Kwa albamu ya tukio lililokwisha, hilo halisumbui. Kwa anayeongeza picha kila siku, ningemshauri atumie Piwigo, programu ya albamu inayokaa kwenye seva yenyewe na kupokea picha mpya moja kwa moja.