Nimeiteka Ankara, mchezo ukaisha! Uchambuzi wa mchezo wa ubao wa vita vya Ugiriki na Uturuki

Wadau, karibuni tena. Boksi lenyewe hili hapa. Mlishaliona likifunguliwa kwenye video iliyopita, kwa hiyo idadi ya kete na kadi sirudii. Ni vita vya 1919 mpaka 1922, Mgiriki na Mturuki, na wewe unajaribu kuona kama vingeweza kuisha vingine. Mimi nina jambo moja nalipenda mno, na moja limeninyima usingizi.

Nasogeza kamera. Hii Izmir, bandari ya magharibi mwa Uturuki, Wagiriki walishuka hapa Mei 1919. Huku juu Eskişehir, waliyoitwaa Julai 1921. Mpaka hapa jeshi linalishwa kwa treni, raha mustarehe. Sasa tazama kidole changu. Nasukuma kete hii ya bluu, jeshi la Mgiriki, hatua moja mashariki: lazima nilipe mkokoteni mmoja wa ng'ombe. Hatua ya pili, miwili. Ya tatu, mitatu. Nina majeshi matatu, yote yanataka kwenda mto Sakarya, njiani kuelekea Ankara, makao ya serikali ya Mturuki, na mkononi nimebakiwa na mikokoteni minane. Hesabu mwenyewe. Nani ale, nani alale njaa?

Jamani, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta miaka yote! Vitabu vinakwambia Wagiriki walipigana Sakarya siku 22, wakauteka mlima Çal, kisha wakarudi nyuma ya mto kwa kukosa chakula na risasi. Unasoma, unapita. Hapa unaishikilia ile mikokoteni mpaka kiganja kinatoa jasho. Na Mturuki naye ana yake, hii myekundu, inaanzia bandari ya İnebolu, Bahari Nyeusi. Wanawake wa vijijini ndio waliovusha mizinga na risasi milimani kwa magari ya ng'ombe. Mchezo umewapa heshima yao.

Ule mchezo mwingine mnaoniuliza kila siku kwenye maoni umetundika kila kitu kwenye kadi ya kima. Ndiyo, Mfalme Alexandros wa Ugiriki aling'atwa na kima akafa Oktoba 1920, mwezi uliofuata waziri mkuu Venizelos akaangushwa kwenye uchaguzi, mfalme wa zamani Konstantinos, baba yake Alexandros, akarudi kwenye kiti, na Ufaransa ikapata sababu ya kuwapa Wagiriki kisogo. Ni kisa kizito. Lakini kima hakuwapelekea askari mikate Sakarya. Huo msinunue.

Kabla sijasahau, Jumamosi saa tatu usiku tunacheza mubashara, gongeni kengele.

Sasa kero. Juzi usiku nacheza na shemeji. Nikabana mikokoteni, nikaacha jeshi moja lilinde Eskişehir, nikapita Çal, nikaingia Ankara. Nafungua kijitabu: "Mgiriki ameshinda." Basi! Kete zinarudi boksini!

Hapana, hapana. Kiangazi kile cha 1921 Ankara yenyewe ilishaanza kujiandaa kuhamishia serikali Kayseri, mji ulio mashariki zaidi. Na amri ya Mustafa Kemal, kiongozi wa Waturuki, pale Sakarya ilikuwa kwamba hakuna mstari wa kulinda, kuna eneo la kulinda, na eneo hilo ni nchi nzima. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje mchezo umeisha kwa kuwa umemchukulia mji mmoja? Tena Kayseri yenyewe iko wapi? Tazama, ubao umekatwa hapa. Ukingo mweupe. Nimelipa laki mbili na ushee pamoja na usafiri, nauziwa nchi nusu!

Na lingine linaniuma. Ukishinda unahesabiwa pointi za miji tu. Watu je? Makubaliano ya Ugiriki na Uturuki ya Januari 1923 yaling'oa Wakristo wa Orthodoksi zaidi ya milioni moja na Waislamu laki kadhaa, wakabadilishwa nchi. Ukibadilisha matokeo ya vita, swali la kwanza ni hao wanabaki au wanaondoka. Kijitabu hakina hata kadi moja.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimebandika karatasi hapa ubavuni, nimechora njia mpaka Kayseri, hatua nne kutoka Ankara. Jana tumerudia. Hatua ya kwanza nimelipa. Ya pili nimelipa kwa kulinyima jeshi la Eskişehir. Ya tatu, shemeji akateremka na kete nyekundu mbili kutoka kaskazini, akakaa njiani kati yangu na reli. Nikafungua kiganja: mkokoteni hakuna hata mmoja.